Jarida langu la bei nimeliweka kwenye blokcheni miezi minne hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, sikilizeni

Kwanza mi si mtu wa kompyuta, mi ni mtu wa bei. Kila Jumanne na Ijumaa alfajiri kabla malori hayajaanza kusukumana pale forodhani natembea sokoni na daftari, nauliza gunia la mahindi leo linaenda ngapi, maharage ya njano na yale ya nambale, mukene (ng'ambo kwa Wakenya wanaita omena, samaki ni yule yule), nawauliza wabadilisha pesa shilingi ya Kenya wanainunua ngapi wanaiuza ngapi, alafu naongeza ya madereva, foleni imefika wapi, mzani umeamka ama umelala, narudi kibandani naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu wasomaji wangu kuna Wasamia wa huku, kuna Waluhya wa kule, kuna Wasomali wa malori, kuna Wakongo wanaobeba mpaka Bunia, na hiyo ndo lugha tunayokutania hapo kati. Wananiita Mwalimu ingawa chaki niliiacha zamani.

Sasa hii ninayoizungumzia ni huduma ya vijana wawili wa Kampala waliojenga mtambo wa majarida ya kulipia, yaani wewe unaandika, msomaji analipa kwa mwezi, jarida linamfikia kwa imeili, ila malipo na daftari la waliolipa vinakaa kwenye blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, havikai kwa kampuni. Jina lao silitaji, waliniomba hivyo maana wanasema bado wanarekebisha, na mi nilikubali huku nakunywa chai yao kwa hiyo neno ni neno. Sifa nitawapa na lawama nitawapa.

Kwa nini nilihangaika na mambo haya. Nilianza na ukurasa wa Facebook, watu wakazoea, nikawa nalipwa na wenye maduka ya pembejeo kidogo kidogo wakitaka niwataje. Kodi ile ya OTT ya 2018, shilingi 200 kwa siku ili ufungue mitandao, tuliivumilia, wengine kwa VPN, ile programu ya kuzunguka vizuizi. Januari 2021 wiki ya uchaguzi Facebook ikafungwa, kesho yake jioni intaneti yote ikazimwa, tukakaa gizani siku tano hivi, iliporudi Facebook yenyewe ikabaki na kufuli na kuingia ikawa ni VPN tu miaka na miaka. Wafuasi wangu wakatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Alafu Machi mwaka huo huo Kenya ikasimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu, malori yakajaa upande huu, wiki hiyo kila mtu alikuwa ananitafuta na mi sina pa kuandika, nilikaa natuma SMS moja moja mpaka kidole gumba kikavimba. Hapo ndo nikaelewa kwamba wale watu hawakuwahi kuwa wangu, walikuwa wa ukurasa.

Najua mtu ataniambia si ungeenda Substack, ule mtambo wa majarida wa Marekani. Substack ipo tangu 2017, kufungua ni bure, wanakata asilimia 10 ya anacholipa msomaji, na watu wanaisifu. Ila malipo yake yanapita kwa Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti ya biashara iliyo Uganda. Ghost nayo ni programu huria ya tangu 2013, haikati hata senti kwenye malipo ya wasomaji wako, lakini ukifika kwenye kukusanya hela unakutana na Stripe tena. Kwa hiyo kuandika unaandika mpaka vidole vife ganzi, shida iko kwenye kulipwa. Kuna wanaosajili kampuni Marekani kwa mtandao ili wapitie hapo, mi nikaona kufungua kampuni Marekani ili niuze habari za mahindi ya Busia ni sawa na mtu wa Busia kupitia Kampala ili aende Malaba.

Basi vijana wakaja na blokcheni yao. Nieleze inavyofanya kazi kama nilivyoielewa, na ilinichukua wiki mbili na mpwa wangu anayesoma pale Chuo Kikuu cha Kyambogo kunitafsiria.

Ukifungua jarida langu unakuta kufuli. Kufuli ni programu ndogo iliyowekwa kwenye cheni, imeandikwa bei yangu, dola 3, imeandikwa siku 30, imeandikwa anwani ya waleti yangu, yaani pochi ya kidijitali. Msomaji akilipa, hiyo programu yenyewe inagawa hela pale pale, asilimia 95 kwangu na 5 kwa vijana, hakuna mtu anayeishika katikati hata kwa dakika moja, alafu inamtolea msomaji ufunguo. Ufunguo ni tokeni yenye tarehe ya kufa. Wewe ichukulie kama tokeni ya yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, unaweka hela, unapata namba, yuniti zikiisha giza. Kila nikitaka kutuma toleo mtambo unaangalia kwenye cheni nani ana ufunguo ulio hai ndo unatuma. Huo mtindo wa kufuli na funguo hawakuubuni wao na hawajadai hivyo, kuna programu huria inaitwa Unlock Protocol ya tangu 2018, wamechota hapo wakaongezea ya kwao.

Cheni yenyewe ni Base, ilifunguliwa 2023, inakaa juu ya Ethereum, blokcheni kubwa, kama kibanda kilichoegemea ghorofa. Hii ina maana kwenye gesi. Gesi ni ada ya kuandika kitu kwenye cheni, na miaka ile ya 2021 kuandika kwenye Ethereum moja kwa moja ungeweza kulipa gesi ya dola makumi ili ununue jarida la dola 3, kichekesho. Machi 2024 Ethereum ilifanyiwa marekebisho yaliyoshusha sana gharama za hizi cheni zilizoegemea, sasa gesi ya malipo ya msomaji wangu haifiki hata senti moja ya dola mara nyingi, na vijana wanailipa wenyewe. Hapa pongezi. Na kwa yule aliyeniuliza kama napoteza umeme wa dunia nzima kwa sababu ya mukene, hapana, Ethereum iliachana na ile kazi ya kuchimba sarafu kwa mitambo inayokula umeme Septemba 2022.

Hela inayotumika ni USDC, sarafu ya kidijitali ya kampuni ya Circle ya Marekani, moja inasimama badala ya dola moja. Kwa kawaida inatulia, ila Machi 2023 ilishuka chini ya senti 90 kwa siku kama mbili kwa sababu akiba yake nyingine ilikuwa Silicon Valley Bank na benki ikaanguka, kisha ikarudi. Nalisema ili msije mkaniambia sikuwaambia.

Siku ya kwanza nilifurahi bwana, nisidanganye. Ilikuwa saa tatu usiku nimekaa kwenye kibaraza nakula rolex, chapati ya kuviringia mayai, simu ikalia, msomaji wa Juba amelipa. Juba! Mtu huyu nilikuwa namtumia bei miaka miwili bure kwa sababu kila njia ya kunitumia elfu kumi ilikuwa inakula elfu sita. Nikafungua waleti nikaona 2.85 imekaa pale, rolex haijapoa. Nikampigia nikamwambia kaka imefika, akasema "Mwalimu, nimebonyeza saa hii tu, hata chai sijamaliza." Tukacheka wote. Kwa watu wa namna hiyo, wa Juba, wa Dubai, dada mmoja yuko Uswidi ananunua maharage ya jumla kupitia kaka yake Mbale, hii kitu ni dawa kabisa na sitaki mtu aniambie vingine.

Na jambo la pili zuri, kufuli ni langu. Nilipoambiwa hivyo sikuamini, nikamwambia mpwa angalia wewe mwenyewe, akafungua ule ukurasa ambao mtu yeyote anachungulia cheni, akanionyesha meneja wa kufuli ni anwani yangu mimi. Maana yake vijana wakiamka kesho wamechoka wamefunga duka wameenda zao, kufuli linaendelea kuuza funguo na hela inaendelea kuja kwangu. Haya.

Lakini imeili je? Hapo ndo tulipogombana. Kwenye cheni kuna anwani za waleti tu, ile mistari ya 0x isiyosomeka, na afadhali iwe hivyo maana imeili za watu ukiziweka kwenye cheni hazifutiki na Uganda tuna sheria ya kulinda data ya 2019, mtu ana haki ya kukwambia nifute. Kwa hiyo imeili zinakaa kwenye seva ya vijana. Sasa niambie, kama orodha ya imeili iko kwao, mi nimejitegemea wapi? Wakifunga duka nabaki na kufuli linalouza funguo za nyumba isiyo na mlango. Nikawaambia kila Jumatatu nataka faili la imeili za watu wangu, wakanung'unika, wakaweka kitufe cha kupakua. Ukienda kwao, kitufe hicho kiko chini kabisa kwenye mipangilio, kibonyeze kila wiki usiwe mvivu. Na kutuma imeili kwenyewe hakuna blokcheni yoyote hapo, inapita kwa njia zile zile za kila mtu, na wiki tatu za kwanza majarida yangu yalikuwa yanaangukia kwenye spamu kwa sababu hawakuwa wamemaliza kuweka zile rekodi za kuthibitisha mtumaji. Siku hizi Gmail na Yahoo wamekaza, tangu Februari 2024. Unakuta mtu amelipa kwa teknolojia ya kesho kutwa, anakosa bei ya mahindi kwa sababu ya spamu.

Sasa twende kwenye kulipa kwa mtu wa kawaida, maana hapa ndo roho inauma.

Kuna mama mmoja anauza mukene kwa jumla, msomaji wangu wa toka SMS. Nikamfuata na simu yake, ya skrini kubwa, kijana wake alimnunulia. Nikafungua ukurasa, imeandikwa weka imeili. Hana. Yaani anayo, walimtengenezea dukani aliponunua simu, hakuna anayeikumbuka. Tukatengeneza nyingine, bando likaisha katikati, nikamrushia langu. Imeili ikapatikana, mtambo ukamtengenezea waleti wenyewe nyuma ya pazia, hapo wamefanya vizuri, hakuna yale maneno 12 ya siri ya kufungulia waleti ambayo unaandika kwenye karatasi. Alafu ukurasa ukasema: salio lako ni 0 USDC, ongeza. Akaniangalia. Akasema naongeza wapi, nikamwambia mama unatafuta mtu anayeuza, unamtumia kwa simu, naye anakutumia hizi. Akauliza huyo mtu ni nani. Nikasema mtu tu, wa kwenye mtandao. Huku mteja wake mwingine anapima mukene anatusikiliza. Akanishika mkono akasema, "Mwalimu, elfu kumi hii hapa kwenye kanga, ichukue. Kwa nini unanizungusha kama mgonjwa wa rufaa?" Niliona aibu.

Mtu atauliza kwa nini wasiweke kitufe cha MoMo, mobile money ya MTN, pale pale, msomaji aweke namba ya siri, kazi iishe. Niliwauliza swali hilo siku ya kwanza. Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliziandikia kampuni za malipo zenye leseni zisihusike kugeuza sarafu za kidijitali kuwa mobile money wala kinyume chake, mtu akaenda mahakamani kupinga, 2023 Mahakama Kuu ikaitupa kesi. Basi. Wewe kuwa na USDC kwenye simu hakuna polisi anakuja kukugongea, ila daraja kati ya USDC na simu ya mama wa mukene halijengeki na mtu mwenye leseni. Linajengwa na watu, mtu kwa mtu, kwenye magrupu, na watu ni watu. Vijana wamejenga nyumba nzuri ila barabara ya kufika haipo, na barabara si yao kuijenga, hilo nawaelewa, ila basi wasiandike kwenye tangazo "kila Muafrika alipe kwa dakika moja".

Kuna dereva wa Eldoret, huyu alitaka mwenyewe, ni mjanja wa simu. Akanunua USDC kwa mtu, yule mtu akamuuliza nitume cheni gani, dereva akasema yoyote ya bei rahisi. Ikatumwa kwenye cheni ya BNB. Anwani ya waleti ni ile ile inafanana herufi kwa herufi, kwa hiyo hela ilifika kweli, imekaa pale kwenye anwani yake, ila kwenye cheni nyingine, na kufuli langu liko Base haliioni kabisa, ni kama umeegesha lori Malaba alafu unamwambia karani wa Busia alipitishe. Kuitoa unahitaji gesi ya cheni ile, yaani BNB kidogo ya senti, ambayo hana, na waleti ya vijana haikuwa na sehemu ya cheni hiyo mpaka mtu atoe ule ufunguo wake wa siri apeleke kwenye waleti nyingine. Siku sita. Siku sita hizo dereva anapita Busia anawaambia wenzake pale kwa mama wa chai kwamba Mwalimu amekula dola tatu zangu kwa kompyuta. Mwisho mpwa alimsaidia kwa simu usiku mzima ikatoka, lakini lile neno bado linatembea barabarani mpaka Naivasha huko. Onyo kubwa jekundu juu ya ile anwani lingezuia yote haya. Sasa wameweka, baada ya mi kupiga kelele.

Malipo ya kujikata yenyewe kila mwezi nayo yana vituko. Msomaji anaruhusu mara moja kwamba kufuli likate 3 kila siku 30 kwa mwaka mzima, vizuri. Ila nani huku anaacha dola 36 zimekaa kwenye waleti? Watu wanaweka 3, mwezi unaofuata kufuli linagonga linakuta hakuna, ufunguo unakufa, mtu anaamka Ijumaa hana jarida ananipigia kunigombeza. Alafu siku 30 si mwezi, tarehe inarudi nyuma nyuma, aliyelipa siku ya mshahara baada ya miezi kadhaa anaishiwa katikati ya ukavu.

Haya, na hii sikuifikiria kabisa. Kwenye cheni kila kitu kiko wazi. Wiki ya saba napita pale kwa wabadilisha pesa, kijana mmoja mwenye bunda la shilingi za Kenya mkononi akaniita, "Mzee, mambo si mabaya eh, mwezi huu umepata 31 na senti," akanigeuzia simu. Kila malipo, saa yake, dakika yake. Alipata anwani ya kufuli kwenye linki ya jarida, akabandika kwenye ule ukurasa wa kuchungulia, ndo hivyo. Hakuniibia kitu, hawezi kugusa, ila kwa siku ile nilijiona kama natembea uchi sokoni. Ukiwa mwandishi wa mambo makali zaidi ya mahindi, fikiria vizuri nani mwingine anaweza kuchungulia. Vijana wanasema wanaweza kupokelea kwenye anwani tofauti tofauti. Sawa, ila ile ya kwanza imeshaandikwa na haifutiki.

Kutofutika! Mwanzo walikuwa wanahifadhi na maandishi yenyewe kwenye Arweave, huko unalipa mara moja kitu kinakaa daima, hakuna wa kukizima. Wakaniambia kwa fahari, Mwalimu toleo lako hata miaka mia. Nikafurahi. Toleo la tano nikakosea, maharage ya njano nikaandika 3,200 kwa kilo badala ya 2,300, tarakimu zimepishana tu, usingizi. Kwa Facebook ningerekebisha kwa sekunde nne. Huku nikaweka toleo jipya lililosahihishwa, lakini lile la zamani lipo pale pale na linki yake inafunguka, na kuna mzee wa Tororo aliyeipata linki ya kwanza kwenye WhatsApp akapakia pikapu akaja. Akaja na maharage mpaka kibandani kwangu. Hakutukana, alisema tu, "Mwanangu, hii iliandikwa na wewe?" Nilimtafutia mnunuzi mwenyewe, nikalipa na upakuaji. Kesho yake nikawapigia vijana, toeni maandishi yangu huko, na sasa maandishi yanakaa kwenye seva ya kawaida, cheni inabaki na funguo na hela tu. Kwa mtu wa mashairi au historia labda daima ni nzuri. Bei ya maharage haitakiwi kuishi zaidi ya siku tatu.

Kutoa hela. Mwezi wa tatu nilikuwa na 31.35 baada ya asilimia zao. Forexi pale mpakani ilikuwa inasema 3,600 kwa dola, yule mtu wa kununua USDC akanipa 3,500, tukabishana akashinda, ikaja 109,725 kwenye simu, kutoa kwa ejenti ada yake pamoja na ile kodi ya nusu asilimia ya kutoa. Kwa hiyo ile asilimia 5 ya vijana unayoiona ndogo, jumlisha na huyu mtu wa katikati karibu asilimia 3, jumlisha ejenti, unaanza kuona ile asilimia 10 ya wengine si unyang'anyi sana. Na siku hiyo nilikaa na moyo mkononi dakika kumi na moja nikisubiri atume, maana nilishamtumia USDC na kwenye cheni hakuna kupiga huduma kwa wateja kusema nimekosea rudisha.

Na intaneti ikizimwa tena? Cheni itakuwa inaendelea vizuri kabisa huko duniani, funguo zako ziko salama, na wewe umekaa Busia huoni chochote. Daftari la namba za simu bado nalo nalitunza chini ya godoro, la karatasi.

Sasa ninavyoitumia leo, baada ya kelele zote. Nina wasomaji 52 wanaolipa. 11 wanalipa kwenye cheni wenyewe, wote wa nje isipokuwa mwanafunzi mmoja wa Kampala anayependa mambo hayo. 41 wananilipa elfu kumi kwa MoMo au Airtel au mkononi, naandika kwenye daftari, alafu jioni naingia kama meneja wa kufuli nawagawia funguo za bure za siku 30 moja moja, hawajui hata kama wana waleti, wanajua tu imeili imekuja au kijana wao amewasomea. Huo mlango wa kugawa funguo kwa mkono vijana waliuweka kwa ajili ya zawadi na matangazo, kumbe ndo umebeba jarida zima. Gesi wanalipa wao kwa hiyo sina hasara. Mpwa anacheka anasema mjomba umegeuza blokcheni kuwa daftari la dukani. Nikamwambia daftari la dukani limelisha watu wengi.

Nyota? Kwa mwandishi mwenye wasomaji wa nje, nne kwa tano, nenda tu, hasa kama umeshachoka kusikia nchi yako haimo kwenye orodha. Kwa mwandishi wa watu wa sokoni, mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya adabu, maana hawa vijana simu wanapokea, hata saa nne usiku, hata siku nilipowapigia nikiwa na hasira ya maharage walisikiliza mpaka mwisho wakasema pole mzee. Kampuni kubwa gani itakupokelea simu.

Wanasema toleo la pili linakuja na njia ya kulipa kwa SMS ya kawaida. Nimewaambia waje wenyewe Busia, waje na katochi, ile simu ndogo ya vitufe, wasimame pale Sofia saa saba mchana jua likiwaka na malori yanapiga honi, wajaribu kulipia jarida langu mbele ya yule mama wa mukene. Wamekubali, wanakuja Alhamisi. Mama nimeshamwambia, amesema sawa, ila waje na mizani yao maana atakuwa na wateja.